Sashe Tumboni mwa Samaki

Ukitupa sashe katika mto Kalimabenge, mvua huipeleka ziwani. Haiozi. Jua na mawimbi huivunja vipande vidogo kama chembe za mchanga, na samaki huvila akidhani ni chakula. Tumbo lake hujaa, lakini mwili haupati nguvu.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba katika sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni. Nasi ndagala twamla mzima, pamoja na matumbo yake!

Wengine husema Tanganyika ni kubwa, litameza yote. Sikubali. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, kule Kalemie. Taka ziingiazo hapa Uvira hukaa. Serikali ilikataza sashe kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, na bado tunafungiwa chumvi ndani yake (nami nimeipokea).

Usiache kula ndagala, watoto wanamhitaji. Ila nenda sokoni na kikapu chako. Wazee wa kanisa nao waweke pipa la takataka mlangoni kabla ya Jumapili ijayo.