Msikimbize Vishikwambi

Kuna kazi moja siifanyi katika meza yangu ya ufundi hapa Nachingwea, na mafundi wenzangu wa Ruangwa wananicheka kwa hilo. Siongezi kasi. Ukija na kishikwambi ukalalamika kwamba kinajikokota, nitakifungua, nitakisafisha, nitakibadilishia betri, nitakaa nacho hata siku mbili. Ukiniambia nikiwekee kerneli ya kukikimbiza, nitakurudishia mkononi, hata kama umetoka Ruangwa kwa bodaboda. Wanasema naogopa. Wengine wanasema sijui. Kazi naijua, na ndiyo maana naikataa, na sasa naisema hadharani kwa sababu inakula hela za watu ambao hela yao ni ya kuhesabu.

Kwa asiyeijua biashara hii: kerneli ni ile sehemu ya Android iliyo chini ya vyote, inayozungumza na chuma chenyewe. Ndani yake kuna jedwali. Mtengenezaji ameandika humo prosesa iende kwa mapigo mangapi, na kwa kila ngazi ya mapigo ipewe volti ngapi. Fundi anayekimbiza anafungua butiloda, anaondoa kerneli ya kiwandani, anaflashi nyingine ambayo mtu fulani ameiongezea ngazi mbili tatu juu kabisa. Prosesa iliyokuwa inaishia gigahezi 1.3 sasa inafika 1.6. Vijana wanaita kuovakloki. Mteja anaonyeshwa namba kwenye skrini, anaona imepanda, anatabasamu, analipa.

Namba ni ya kweli. Ila kuna hesabu nyingine ambayo haonyeshwi, na si ngumu, mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Joto la prosesa hupanda kufuatana na mapigo, na hupanda kufuatana na volti kwa kipeo cha pili. Mapigo ya 1.6 mara nyingi hayashiki kwa volti zilezile. Kishikwambi kitajizima chenyewe au kitaganda, kwa hiyo volti nazo zinapandishwa. Tuseme zilikuwa 1.0 zikawa 1.15. Mapigo yameongezeka kwa asilimia 23. Joto limeongezeka kwa asilimia kama 63. Umenunua robo ya kasi kwa zaidi ya nusu ya moto, na kishikwambi hakina feni, kina mgongo wa plastiki na betri iliyolala ubavuni mwa prosesa kama mtoto aliyelazwa karibu na jiko.

Aliyeandika jedwali la kiwandani alifanya hesabu zake na akabakiza nafasi ya usalama. Lakini hakuwa amekaa chini ya bati la Nachingwea mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika, wakati hata maji ya mtungini hayapoi. Nafasi ile ya usalama, huku kwetu, jua limeshaila nusu yake kabla hujabonyeza kitu. Fundi anayekimbiza anaila nusu iliyobaki.

Matokeo yake ni kichekesho. Kishikwambi kina ulinzi: kikipata joto sana, kerneli yenyewe inashusha mapigo ili kisiungue. Kwa hiyo kilichokimbizwa kinakimbia dakika chache mbele ya fundi, dukani, kivulini. Mteja akifika nyumbani, akicheza video ya somo mbele ya darasa saa saba mchana, kinashuka mpaka gigahezi 1.0 au chini zaidi. Kinakuwa cha polepole kuliko siku alipokileta. Na zipo kerneli ambazo aliyezitengeneza ameuzima ulinzi huo kwa makusudi, namba isishuke mteja akalalamika. Huyo simwiti fundi.

Neno lenyewe kishikwambi lilikuwa la watu wa kamusi mpaka mwaka 2022. Sensa ya Agosti mwaka ule ndiyo iliyolifikisha vijijini: makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mikononi, na tukahesabiwa Watanzania 61,741,120. Baada ya sensa Serikali ikaamua viende kwa walimu. Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa na mwalimu kwa taaluma, kwa hiyo huku kwetu habari ile ilipokewa kama habari ya nyumbani. Tangu hapo kishikwambi si kitu cha kushangaza. Wapo wenye cha Serikali, na wapo wengi zaidi waliojinunulia cha bei rahisi, cha mkononi, chenye jina ambalo hujawahi kulisikia na hutalisikia tena.

Cha Serikali nasema mapema, sikigusi kabisa. Si mali ya aliyekishika. Ndani yake mna taarifa za watoto wa watu, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kufungua butiloda kwa kawaida kunafuta kila kilichomo, na ikiachwa wazi, yeyote mwenye waya wa USB na dakika kumi anaweza kupandikiza anachotaka. Fundi anayekuambia hilo ni jambo dogo muulize kama yuko tayari kuandika jina lake.

Mazungumzo yangu ni juu ya vile vya watu wenyewe. Alikuja mwalimu mmoja kutoka upande wa Ruangwa, mama mtu mzima, kishikwambi amekinunua mwenyewe kwa kulipa kidogo kidogo. Nikamwamkia, nikampa kiti. Akakitoa kwenye mkoba kimefungwa khanga. Kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria.

"Fundi, kimenenepa," akasema.

"Mwalimu, nani alikishika kabla yangu?"

Akanyamaza kidogo. "Kijana mmoja aliniambia atakiongezea nguvu."

Betri ilikuwa imevimba. Nikaitoa taratibu kwa kadi ya plastiki, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga ninayoiweka nje ya mlango. Prosesa ilikuwa nzima. Hifadhi haikuwa nzima, na ndani yake zilikuwamo alama za mihula miwili ambazo hakuwa amezinakili kwenye daftari kwa sababu alikuwa ameambiwa, na sisi sote tuliambiwa, kwamba daftari ni mambo ya zamani. Alikaa pale kwenye kiti mpaka saa kumi na moja akijaribu kuzikumbuka, anaandika kwenye karatasi ya risiti zangu. Alikumbuka nyingi kuliko nilivyotegemea. Siwezi kusema kwa kiapo kwamba kasi peke yake ndiyo iliyoivimbisha betri ile. Ilikuwa ya zamani na chaja yake ilikuwa ya mitaani. Lakini betri ya zamani ndiyo hasa isiyotakiwa kuongezewa moto. Hiyo nasema kwa kiapo.

Sasa swali ambalo wakimbizaji hawaulizi: kwa nini kilikuwa kinajikokota? Wanachukulia kwamba cha polepole ni cha prosesa ndogo, kama vile kila mtu anayechelewa kufika ana miguu mifupi. Katika meza yangu prosesa ndiyo mshtakiwa wa mwisho. Wa kwanza ni hifadhi iliyojaa. Fungua kishikwambi cha mtu yeyote wa huku uone: kundi la ukoo, kundi la vikoba, kundi la kamati ya harusi iliyokwisha mwaka juzi, kila moja linamwaga picha za "asubuhi njema" zenye maua na kikombe cha chai, na video moja ileile imehifadhiwa mara nne. Hifadhi ya bei rahisi ikibakiza nafasi kidogo, kila kuandika kunakuwa kuhamisha vyombo vya nyumba nzima ili kupata pa kuweka kijiko. Wa pili ni kumbukumbu ndogo inayobanwa na programu zinazojiwasha zenyewe. Wa tatu ni programu zilezile za jana, zilizosasishwa zikawa nzito maradufu bila kukufanyia jambo jipya.

Si maneno yangu ya Nachingwea tu. Nexus 7 ya Google, kishikwambi cha mwaka 2012, ndicho kilichopendwa sana na wakimbizaji duniani. Kerneli zake zilikuwa nyingi, watu wakaisukuma prosesa yake kutoka 1.2 na 1.3 hadi 1.6 na kupita. Bado kilikuwa kinazidi kuzeeka mikononi mwao, kinaganda kila kinapoandika kitu. Dawa iliyokisaidia ilikuja mwaka 2013 katika Android 4.3, nayo haikuhusu mapigo hata kidogo: ilikuwa ni utaratibu wa kuiambia hifadhi ni vipande gani havitumiki tena, ili ivisafishe wakati kishikwambi kimelala. Ugonjwa ulikuwa wa ghala, wao wakamchapa punda.

Najua jibu watakalonipa, kwa sababu nimeshapewa. "Kaka, chombo ni chake, hela ni yake, wewe unambania nini?" Hapo tuko pamoja kuliko wanavyodhani. Kufuli la butiloda kwenye kishikwambi nilichokilipia ni dharau. Kerneli ya Android ni Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991, na leseni yake inamtaka kila anayeigawa atoe pia msimbo kwa anayeipokea. Watengenezaji wengi wa vishikwambi rahisi hawautoi. Wanachukua kazi ya bure ya maelfu ya watu, wanaifungia ndani ya plastiki, wanaituma Kariakoo. Hilo ndilo la kupigia kelele. Kwa sababu msimbo haupo, kerneli inayouzwa huku mara nyingi si ya kishikwambi chako. Ni ya kinachofanana nacho, imebandikwabandikwa na mtu asiyejulikana, na volti zake ni za kukisia. Kijana anayetetea uhuru wa mwenye mali anamuuzia mwenye mali kitu ambacho yeye mwenyewe hajakisoma na hawezi kukisoma. Uhuru gani huo?

Na sisi wa Nachingwea tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na mashine za kulazimishwa. Ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kutupwa 1951, ulifika mpaka hapa. Walikuwa na haraka. Matrekta hayatoshi, wakachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta, wakayaita Shervick. Ardhi na jua la Tanganyika havikujali. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kuja huku ikang'olewa katika miaka ya 1960. Wazee wetu walibaki na jembe la mkono, na korosho.

Ila sitaki mtu anielewe vibaya: kerneli ya kuwekwa upya si dhambi. Ninayo kwenye kishikwambi changu mwenyewe, kilichobahatika kuwa na msimbo wa wazi. Nimeifanya kinyume chake. Nimeshusha ngazi ya juu, nimeshusha volti kidogo kidogo nikijaribu usiku baada ya usiku, nimewasha utaratibu wa kubana kumbukumbu ili programu nyingi zikae pamoja bila kufukuzana. Hakipati joto. Chaji inafika jioni, na katika kijiji kinachotegemea sola hiyo ndiyo kasi yenyewe: kishikwambi kilichozimika saa nane mchana kina gigahezi sifuri. Hakuna anayenunua huduma hiyo, kwa sababu haina namba inayopanda. Mteja anataka aone kitu kimeongezeka. Nimejaribu kumwonyesha nyuzi zikishuka, akaniuliza kama nimekiharibu.

Kuna kitu kingine kinanikera, nikiitazama ile ndoo ya mchanga. Upande mmoja wa betri ya lithiamu hutengenezwa kwa kinywe, na kinywe kiko hapahapa, chini ya ardhi ya Ruangwa na Nachingwea. Kinachimbwa na kusafirishwa kwa tani. Kinachorudi ni betri za kubahatisha, na sisi tunazichemsha kwa mikono yetu ili kijana apate hela ya wiki.

Basi nawaambia wakimbizaji wa Ruangwa, Nachingwea na Masasi jambo moja. Yeyote anayeona nimewaonea, alete kishikwambi alichokikimbiza yeye mwenyewe, na cha aina hiyohiyo ambacho hakijaguswa. Tuviweke vyote viwili nje ya kibanda changu saa nane mchana, vicheze video moja kwa nusu saa, mapigo yakiwa wazi kwenye skrini. Kipimajoto ninacho. Walimu waje na daftari, waandike wao.