Daftari la Simuni na Haki ya Warithi



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, kwa wadhifa wetu wa ukatibu wa kamati ya msikiti, huwa tunaitwa katika nyumba zilizofiwa ili kusaidia kukusanya madeni, amana na mali ya marehemu kabla ya mirathi kugawanywa. Zamani kazi hiyo ilihusu hati ya kiwanja, daftari la duka na kitabu cha benki. Siku hizi tunaletewa simu. Haya tunayoyaeleza juma hili tumeyaandika kwa idhini ya familia husika, na majina yao tumeyahifadhi.

Tuliitwa katika nyumba ya ndugu yetu mmoja, muuza vipuri vya pikipiki, aliyefariki ghafla. Mjane wake alikuwa bado katika eda, hivyo tulikaa barazani pamoja na imamu, mdogo wa marehemu na kijana mkubwa wa nyumba, naye akazungumza nasi kutoka nyuma ya pazia la mlango. Alimtuma kijana alete simu ya baba yake.

"Ustadhi," alisema, "marehemu aliniambia akiba yake iko humo. Tuangalizieni."

Tulipoifungua tulikuta ukurasa wa muhtasari wa sarafu mtandao, ule ambao vijana huuita dashibodi. Ulikuwa na mistari mitatu: bitcoin 0.09, ether 1.2 na tether 240. Juu yake, kwa tarakimu kubwa za kijani, iliandikwa jumla ya dola 9,240. Kwa shilingi za siku hiyo zilikaribia milioni 24. Kijana akaanza kuhesabu ada za wadogo zake. Baba yake mdogo akakumbuka nyumba ambayo haijaezekwa. Mjane yeye alitukumbusha deni: marehemu alikuwa akidaiwa shilingi milioni 6 na mshirika wake wa biashara, na alitaka hilo litangulie. Alikuwa sahihi. Sharia imepanga kuwa mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao.

Baada ya Mahakama ya Mwanzo kumteua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, tulianza kufuatilia mstari mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo tunataka kila familia ilijue: ukurasa ule haukuwa na sarafu hata moja ndani yake.

Dashibodi ni daftari. Mwenye nayo huijaza kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kuandika kwa mkono kuwa siku fulani alinunua kiasi fulani kwa bei fulani. Ya pili ni kuiunganisha na akaunti yake ya soko la kubadilishia sarafu, au na anwani ya pochi yake ya kidijitali, ili isome yenyewe kiasi kilichopo. Kwa njia zote mbili programu huchukua kile kiasi, hukizidisha kwa bei ya soko ya wakati huo, na kuonesha jumla. Bei huwa ni ya kweli. Kiasi huwa ni cha kweli iwapo tu daftari limeandikwa kwa ukweli.

Marehemu alikuwa akiandika kwa mkono. Alikuwa hodari wa kuandika aliponunua, na mzito wa kuandika alipouza.

Majibu ya soko la mtandaoni alilolitumia yalipokuja, yalionesha bitcoin 0.04 badala ya 0.09. Tether 240 zilikuwepo. Ikaulizwa: 0.05 iko wapi? Kwa bei ya siku ile tulipoifungua simu, hiyo ilikuwa dola 3,000. Macho ya watu yakamwelekea mpwa wa marehemu, kijana aliyemwekea mjomba wake ile programu na kumfundisha kuitumia. Hakuna aliyemshitaki mbele ya kadamnasi, lakini aliacha kualikwa, na salamu yake ikawa inajibiwa nusunusu. Mama yake, dada wa marehemu, alikuja kwetu akilia. Tuliwausia wasihukumu kwa dhana, tukaandika kuomba orodha kamili ya mauzo na manunuzi.

Orodha ilichukua takriban miezi miwili. Ilipofika, ilionesha kuwa 0.05 iliuzwa na marehemu mwenyewe miezi 11 kabla ya kifo chake, na fedha zake ziliingia katika namba yake mwenyewe ya simu. Stakabadhi za ada za watoto zilizokuwa kabatini zilikuwa za juma lilelile. Baba alikuwa ameuza ili watoto wasome. Hakuandika mstari mmoja, na kwa kutouandika, kijana asiye na hatia alibeba tuhuma ya wizi kwa miezi miwili.

Mstari wa ether ulikuwa na msiba wa aina nyingine. Hizo 1.2 hazikuwa sokoni. Zilikuwa katika pochi ya marehemu mwenyewe, na pochi ya namna hiyo haina meneja wala tawi la kwenda kulalamika. Hurejeshwa kwa maneno 12 au 24 ambayo mwenyewe hupewa siku anapoifungua. Nyumba nzima ilipekuliwa, kuanzia daftari za duka mpaka mifuko ya makoti, na maneno hayo hayakuonekana. Kwa kuwa daftari kuu la sarafu hizo liko wazi kwa dunia nzima, yeyote mwenye ile anwani anaweza kuona kuwa ether 1.2 zipo. Zinaonekana, na hazishikiki.

Basi zile dola 9,240 zilikuwa nini? Kwa bei zile zile za siku ya kwanza, dola 3,000 zilikuwa zimeshatumika, dola 3,600 hazifikiki, na zilizobaki ni dola 2,640, karibu shilingi milioni 7. Mkitoa deni la milioni 6, hesabuni wenyewe kilichowafikia mjane na mayatima.

Hatuandiki haya ili kutoa fatwa juu ya sarafu mtandao. Wanazuoni wamekhitalifiana. Mufti wa Misri alizikataza mwanzoni mwa mwaka 2018 kwa hoja ya gharari na madhara. Baraza la Ushauri wa Sharia la Tume ya Dhamana ya Malaysia, mwaka 2020, liliona inajuzu kuwekeza na kufanya biashara ya mali za kidijitali katika masoko yaliyosajiliwa. Hapa kwetu Tanzania, Benki Kuu ilitoa tahadhari kwa umma mwaka 2019. Asiyeingia amejiepusha na shaka, na mwenye kutaka kuingia amuulize mwanachuoni wake na azijue sheria za nchi. Maneno yetu ni kwa yule ambaye tayari anazo, maana haki za wengine zimeshaingia ndani ya mali hiyo.

Kwanza, aandike kila tukio. Mstari kamili una tarehe, kiasi, bei, gharama za muamala, na mahali sarafu ilipo: soko gani au pochi gani. Kuuza kuandikwe siku ileile kama kununua. Kuhamisha kutoka sokoni kwenda pochini kuandikwe kuwa ni kuhamisha, kwa sababu ukikuandika kama kununua upya, sarafu moja itahesabiwa mara mbili. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, Allah (s.w.) ameamrisha madeni yaandikwe, na akatuonya tusichoke kuandika, kiwe kidogo au kikubwa. Watu walioambiwa hivyo walikuwa na mifupa na ngozi za kuandikia. Sisi tuna simu mfukoni mchana na usiku.

Pili, asidanganyike na rangi. Kijani cha saa 24 hakimwambii mtu kama amepata faida. Faida hujulikana kwa kulinganisha alichonacho leo, pamoja na alichokwisha kukitoa, dhidi ya jumla ya fedha zote alizoziweka tangu siku ya kwanza, gharama zikiwemo. Tena faida ambayo haijauzwa ni bei tu. Mnamo Novemba 2021 bitcoin moja ilifikia karibu dola 69,000; Novemba 2022 ilikuwa imeshuka chini ya dola 16,000. Aliyenunua kileleni alihitaji bei ipande zaidi ya mara 4 ili arudi pale alipoanzia. Mwezi huohuo soko kubwa la FTX lilifilisika, na wateja wake waliendelea kuziona salio zao kwenye simu huku wakishindwa kuzitoa. Mwenye kukopa au kuahidi mahari kwa kutazama tarakimu hiyo anawaweka wengine rehani pasipo wao kujua.

Tatu, zaka. Hapa daftari sahihi ni msaada mkubwa. Wanazuoni wanaoijuzisha mali hii huifanyia hesabu ya fedha au ya bidhaa za biashara: ikifika nisabu, inayokadiriwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake ya sokoni siku ya kutimia haul. Hutolewa katika thamani yote, wala si katika faida peke yake. Mwenye mali ya shilingi milioni 60 siku hiyo atatoa milioni 1.5, hata kama mwaka uliopita alikuwa na milioni 80. Izingatiwe kuwa programu hizi huhesabu mwaka wa Miladia, nao mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11. Chagua siku yako, tuseme mosi Ramadhani, iandike, na kila mwaka siku hiyo nakili jumla na bei zake. Usisubiri bei ishuke ndipo uhesabu haki ya masikini.

Nne, na hili ndilo lililotufanya tushike kalamu, familia ijue. Katika hadithi ya Abdullah bin Umar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimpasi apitishe hata siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Baba anaweza kusema, "Nikimwonesha mke wangu, siri itatoka." Siri zina daraja. Karatasi moja iseme una nini, kiko wapi, na unadaiwa na nani; hiyo mkeo na mtu mmoja mwaminifu wajue ilipo. Yale maneno 12 yaandikwe kwenye karatasi ya pili, ifungwe katika bahasha na iwekwe penye usalama, mbali na ile ya kwanza.

Maneno hayo yasiandikwe kamwe katika dashibodi, wala yasipigwe picha, wala asipewe mtu wa mtandaoni anayejiita mhudumu. Programu ya kutazamia hesabu haiyahitaji; inayoyadai inakuja kuiba. Hali kadhalika, unapoiunganisha na akaunti yako ya soko, ipe ruhusa ya kusoma tu, na uifunge ruhusa ya kuuza na kutoa.

Enyi mama na dada zetu, nanyi mnayo nafasi. Kumuuliza mume, "Baba fulani, deni hili tukilibeba sisi tutalilipa kwa lipi?" si tamaa. Ni kumsaidia asikutane na Mola wake akiwa na amana za watu shingoni.

Familia tuliyoianzia iliuza sarafu zilizofikika, na mshirika wa marehemu akalipwa haki yake yote. Kilichobaki kiligawanywa kwa mafungu ya Sharia, na mjane akapata thumuni yake katika mali ambayo haikufika shilingi milioni moja. Baba mdogo alikwenda mwenyewe nyumbani kwa dada yake, akamtaka radhi mpwa wake mbele ya imamu, na kijana akasamehe. Ile simu iko kwa mtoto mkubwa. Mwezi uliopita alituonesha tena mstari wa ether: tarakimu ipo, inapanda na kushuka, na hakuna mkono unaoifikia.

Tunamuomba Allah (s.w.) amrehemu ndugu yetu, awatunze mayatima wake, na atujaalie tuwe waandishi wakweli wa hesabu zetu kabla hatujasomewa ile isiyokosewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.