Sauti ya mnara wa Mavivi
Tangu Goma ianguke mwishoni mwa Januari 2025 na kiwanja chake cha ndege kufungwa, macho ya Kivu ya Kaskazini yamegeukia kiwanja cha Mavivi, nje kidogo ya Beni. Watu wanahesabu ndege zinazotua. Mimi namfikiria mwongoza ndege wa RVA, shirika la serikali la njia za anga. Mashariki, Ruwenzori inapanda hadi mita 5,109, mara nyingi imejifunika mawingu, na humo rubani haoni mlima: kinachomlinda ni kimo alichopewa kwa redio, akakirudia tarakimu kwa tarakimu, mnara ukasikiliza kama hakukosea. Kazi hiyo inadai redio isiyokatika, umeme wa uhakika na mshahara unaofika kwa wakati. Kinshasa ilipie hayo kwanza, hata kwenye kiwanja cha Rughenda pale Butembo, kabla ya jengo lolote jipya la abiria.