Kanga Haisemi Peke Yake

Imezoeleka lawama moja katika mabaraza ya wasomi: ati zama hizi za vitu vinavyotolewa kwa maelfu zimemfuta mtu. Kila mmoja huvaa avaacho mwenzake na kuimba aimbacho mwenzake, na mwishowe hajijui. Wasemao hayo humtaka mtu ajitafute kwa kujitenga, kana kwamba nafsi ni lulu iliyomo ndani ya chaza, haihitaji ila kisu. Na ajabu ni kwamba wengi wao wamebebwa mgongoni kwa kanga!

Kanga ni bidhaa ya umati tangu kuzaliwa kwake. Toka mwishoni mwa karne ya 19 pwani hii imevaa vitambaa vilivyopigwa chapa ng'ambo, Uingereza, Uholanzi, India na Japani, doti kwa maelfu, zote pindo moja na mji mmoja. Majina nayo, yaliyoandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi, hayakutungwa kwa ajili ya mvaaji fulani. Je, mwanamke wa Unguja au wa Lamu alipotea humo? Abadan! Alikwenda dukani akasoma, au akasomewa. Akaziacha kumi akachukua moja, kwa sababu alimjua wa kumwonyesha. Kanga ile ile ikipitishwa mbele ya mlango wa mke mwenza ni kijembe. Ikipelekwa kwa mama mkwe ni kuomba radhi. Wakigawana mashoga wawili, kila mmoja upande wake, ni ahadi. Haikubadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni mtazamaji. Na mvaaji mwenyewe hakujulikana vingine: huyu mkali, yule mstahimilivu, yule hajibu. Sifa hizo hakuzichimbua moyoni mwake peke yake; alizipata machoni mwa waliomsoma, na aliposomwa vibaya alirudi dukani kutafuta jina jingine.

Kosa, basi, si wingi. Kosa ni kuukata uzi baina ya mvaaji na mlengwa. Kila msimu wa uchaguzi hugawiwa kanga za bure zenye sura ya mgombea. Mama huipokea (nani atakataa nguo?) akaivaa jikoni na mkutanoni. Lakini hakuichagua, wala hana amwambiaye, anasemewa. Wanawake elfu wamevaa neno moja lisilo la yeyote kati yao: huo ndio umati unaostahili kuogopwa, na wasomi wa mabarazani hawausemi, pengine kwa kuwa nao wamepewa fulana.

Vijembe navyo vimehamia simuni. Neno hutupwa asubuhi, likasomwa na jirani, wifi, mwalimu wa mtoto na muuza samaki; kila mmoja akajishuku, na aliyekusudiwa huenda hata hakulifungua. Mwenye neno hupata mamia ya wasomaji asipate mjibuji hata mmoja, kisha hushangaa kwamba hajulikani ni nani.

Kanga ilikuwa na mlango wake. Mke mwenza aliyepitiwa kwa kijembe Jumatatu aliweza kunyamaza hadi Alhamisi, akajifunga doti mpya, akatoka uani kuanika nguo polepole, mgongo ameuelekeza dirishani kwa mwenzake, jina likisomeka lote.