Daftari la Hadithi

Nyumba nyingi hapa Singida zina daftari sandukuni: hadithi za Kinyaturu au za Kinyiramba, zilizoandikwa kutoka kinywani mwa bibi. Watu waniuliza, fedha za mchapaji zitatoka wapi? Tafuteni wasomaji kwanza.

Watazameni waandishi vijana wa Jalada, walioanza mwaka 2013. Huyu yu Nairobi, yule ng'ambo; baraza lao ni intaneti. Machi 2016 walitoa bure hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoiandika kwa Kigikuyu, juu ya sababu ya binadamu kutembea wima. Ilitoka na tafsiri za lugha zaidi ya 30. Wengine wakajitolea, hata zikapita 100. Na kila mfasiri ana jamaa wa kumwonyesha. Tangazo gani la kununua lipite hilo?

Basi, mwenye simu aisome hadithi moja katika kundi la ukoo la WhatsApp. Wazee watabisha: fisi hakujibu hivyo! Andikeni masahihisho yao. Daftari zima msilitoe, maana wezi wa maandiko wapo. Wanaouliza kitabu kitatoka lini, andikeni majina yao, watangulize fedha kidogo. Ndipo mwende kwa mchapaji. Lakini bibi aombwe ruhusa kabla ya yote. Hadithi ni zake.