Memwari juu ya Masisi na Walikale: juri iulize kwanza, "Ulifika wapi, uliongea na nani?"

Siku ya kutetea kazi ya mwisho wa masomo ni siku kubwa kwa jamaa za Kivu ya Kaskazini. Mama amevaa kitenge kipya, wajomba wamechanga pesa za soda, wadogo wamebeba maua. Mwanafunzi anasimama mbele ya juri, anaeleza kazi yake, walimu wanauliza, watu wanaombwa kutoka kidogo, kisha pointi zinasomwa na vigelegele vinapigwa. Kwa jamaa iliyouza ng'ombe wa mwisho Masisi, au iliyolipa minervali huku inalala chini ya hema, furaha hiyo ni haki yao.

Lakini kuna watu ambao hawamo katika chumba kile. Ni wale walioulizwa maswali: mkulima wa Nyabiondo, mchimbaji wa Bisie, mama aliyekimbia Pinga na watoto wake. Memwari imeandikwa juu yao. Pointi zinatolewa bila mtu kujua kama kweli waliulizwa.

Desturi ya vyuo vikuu vya Kongo inajulikana. Direkta wa kazi anamfuata mwanafunzi, walimu wengine wanasoma, juri inasikiliza na kutoa alama. Katika mpango wa zamani, asilimia 50 hadi 69 ni "satisfaction", kuanzia 70 ni "distinction", kuanzia 80 ni "grande distinction". Siku hizi vyuo vimeingia katika mpango wa LMD, ambao sheria ya elimu ya mwaka 2014 iliuweka: miaka 3 ya lisansi, miaka 2 ya masta. Majina ya alama yanabadilika, lakini swali la msingi ni lile lile: juri inapima nini?

Mara nyingi inaanza na umbo. Ukurasa huu una kosa la Kifaransa. Jina la mwandishi huyu halimo mwishoni. Utangulizi ni mrefu, hitimisho ni fupi. Hayo yote yana maana, na mwanafunzi anapaswa kujua kuandika. Shida ni pale saa inapoisha kwenye nukta na koma, na sura ya tatu, yenye majibu ya wakaaji, inapita bila swali hata moja.

Na kufika kwa wakaaji si rahisi. Walikale peke yake ina zaidi ya kilometa mraba 23,000, karibu ukubwa wa Rwanda nzima, na barabara zake zinajulikana. Juu ya hayo kuna vita. Mwaka 2025, Masisi-kati ilishikwa na M23 mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi huo. Mwezi wa pili, kambi za wahami kama Bulengo na Lushagala zilibaki tupu. Mwezi wa tatu ikawa zamu ya Walikale-kati, ambako M23 walitoka mwezi uliofuata. Mwanafunzi aliyechagua somo lake kabla ya hapo alijikuta hana njia ya kufika kwa watu aliotaka kuwauliza.

Basi atafanya nini? Aliye mkweli ataandika: "Sikufika Walikale. Niliongea na watu waliokimbia kutoka kule, kwa hiyo majibu haya ni ya wahami, si ya walioobaki kijijini." Aliyebanwa na tarehe ataketi chini na kalamu, ajaze karatasi za maswali mwenyewe, na kuandika kwamba watu mia moja walijibu. Kazi ya pili itaonekana safi kuliko ya kwanza. Juri isipouliza, mwongo atapata pointi nyingi kuliko mkweli.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika maktaba ya chuo kikuu, njia hiyo inakuwa ndefu. Hesabu ya uongo ikishawekwa kwenye rafu, mwanafunzi wa mwaka ujao anaichukua, anaandika jina la mwenzake chini ya ukurasa, na uongo unakuwa ushahidi. Baada ya miaka mitano hakuna anayejua ulitoka wapi.

Huku kwetu jambo hili linaweza kugharimu maisha. Chukua mfano wa vita vya 1993, vilivyoanzia Ntoto, Walikale, na kuwaka hadi Masisi. Kila upande una kumbukumbu yake na wafu wake. Mwanafunzi akiongea na watu wa kabila lake tu, katika kambi moja, kisha akaandika kwamba "wakaaji wa Masisi wanasema" shamba fulani ni la fulani, kitabu chake kina muhuri wa chuo. Kesho kitabebwa mbele ya mwami au mbele ya hakimu. Kinaweza pia kubebwa na mtu mwenye bunduki.

Wapo watakaosema: walimu ni wachache, wanasoma kazi nyingi kwa muda mfupi, na mishahara yao ni midogo. Ni kweli. Lakini maswali matatu hayahitaji bajeti. Ulifika wapi, na kwa njia gani? Uliongea na nani, na nani ulimwacha? Uliuliza kwa lugha gani, Kiswahili, Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, na nani aligeuza majibu kuwa Kifaransa? Aliyekwenda atajibu bila kutazama karatasi. Ambaye hakwenda ataanza kutoka jasho.

Wengine watasema mtoto wa wahami ameteseka vya kutosha, asibanwe. Huruma hiyo ni nzuri, ila iwekwe mahali pake. Apewe miezi zaidi. Aruhusiwe kubadilisha somo njia ikifungwa, bila kulipa mara ya pili. Anayekubali kwamba hakufika asikatwe pointi kwa sababu ya ukweli wake. Akipewa alama bila maswali, anatoka na diploma ambayo mwajiri ataitilia shaka, na wazazi waliouza ng'ombe watakuwa wamenunua karatasi.

Limebaki jambo moja. Kazi inapokubaliwa, ukurasa mmoja wa Kiswahili urudi kwa walioulizwa, usomwe kanisani, msikitini, sokoni au kwenye redio ya pale. Wao ndio wanaojua bei ya maharagwe, mpaka wa shamba na jina la mto. Mwanafunzi anayejua kwamba mama wa Pinga atasikia alichoandikiwa atafikiri mara mbili kabla ya kumwekea maneno mdomoni.

Jamaa nazo zina sehemu yao. Kabla ya kuchanga pesa za soda, mzazi amuulize mtoto wake jioni moja: "Uliongea na nani?" Akijibu vizuri nyumbani, juri haitamtisha.