Bata hafi kideri, lakini gharama yake analipa kuku

Ukipita asubuhi Bigwa, Kola au Kichangani, mjini Morogoro, si ajabu kukuta ua mmoja una kuku kumi na watano wa kienyeji, bata wanne na beseni moja la maji. Beseni hilo ndilo ninalotaka tulizungumzie, kwa sababu linapoteza fedha nyingi kuliko mfugaji anavyodhani.

Ukimwuliza mwenye mji kwa nini anafuga bata, jibu huwa lile lile: bata hafi. Mama mmoja wa Bigwa, wa umri wa mama yangu mzazi, nilipomwamkia na kumwuliza habari za mifugo yake alisema, “Marahaba mwanangu. Kuku wameisha wote, ila bata wangu hata mmoja hajatikisika.” Aliyasema kwa fahari kidogo, na sikubishana naye kwa sababu alichosema ni kweli.

Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, kikiingia kwenye kuku wasiochanjwa kinaweza kuua wanane kati ya kumi, na wakati mwingine kinafagia banda zima. Bata akipata virusi hivyo hivyo mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Anakula, anaogelea na kutaga kama kawaida, huku anaweza kuvitoa virusi kwenye kinyesi. Na kinyesi cha bata kinaishia wapi? Kwenye beseni ambalo kuku naye anakuja kunywa.

Sasa tuweke hesabu mezani. Bei hizi ni za mfano tu, msomaji aweke za soko lake. Tuseme una kuku 20 wa shilingi 15,000 kila mmoja, yaani shilingi 300,000, na bata 4 wa shilingi 20,000, yaani shilingi 80,000. Kideri kikiua kuku 16, umepoteza shilingi 240,000. Hiyo ni thamani ya bata wako wote mara tatu, bado hujahesabu mayai na vifaranga ambavyo havitakuwepo miezi sita ijayo. Bata anaonekana hana gharama kwa sababu gharama yake imeandikwa kwenye daftari la kuku.

Mbaya zaidi, mara nyingine imeandikwa kwenye daftari la jirani. Kwenye miteremko ya Uluguru maji hayana mpaka. Mfereji unaoteremka kwenda bustanini kwako umepita uani kwa mwenzako wa juu, na bata wake wameoga humo tangu alfajiri. Wewe umechanja, yeye hakuchanja kwa kuwa “bata hafi”. Vifaranga wako waliozaliwa baada ya chanjo ya mwisho ndio watakaoangukia hapo. Nimesikia ugomvi wa aina hii, na kwa kawaida huanza na maneno ya uchawi kabla mtu hajamtazama bata.

Simaanishi kwamba bata ndiye chanzo pekee. Kuku mgonjwa aliyefungwa kwenye tenga na kupakiwa juu ya basi au nyuma ya bodaboda hueneza kideri mbali kuliko bata yeyote. Tabia yetu ya kuwahi kuuza kuku wanaposinzia ndiyo inayoshusha bei soko zima, kisha inampelekea mnunuzi ugonjwa nyumbani. Wachuuzi wenzangu mnisamehe, lakini kuku anayeuzwa kwa nusu ya bei msimu wa kideri mnajua kwa nini ameuzwa.

Je, tuwaondoe bata? Mimi sikubaliani na wataalamu wanaomwambia mfugaji mdogo achague moja. Bata wetu wa kienyeji anajitafutia majani, konokono na wadudu, nyama yake ni nyingi, na jike ni mlalaji hodari kuliko mtetea. Wapo wanaomlalisha mayai ya kuku kwa kuwa mwili wake unafunika mayai mengi. Ni mbinu nzuri, ila tahadhari: mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21 wakati ya bata huyu huchukua takriban siku 35, kwa hiyo usiyachanganye bila kupiga hesabu. Vilevile, vifaranga wa kuku wakishatoka waondoe mara moja. Mama bata atawapeleka kwenye tope, wataloa, na jioni utaokota maiti.

Kinachotakiwa ni kutenganisha, na hakihitaji mkopo. Banda la bata liwe upande wa chini wa mteremko na la kuku upande wa juu, ili maji machafu yaende kwenye migomba, yasipite kwa kuku. Kila kundi liwe na chombo chake cha maji. Cha kuku kiinue juu ya matofali au kining’inize, bata asiweze kuingiza miguu. Wasilale pamoja, kwani bata hulowanisha matandiko usiku mmoja tu, na unyevu huo ndio unaokuza kuhara damu kwa vifaranga wa kuku.

Halafu kuna chanjo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, jambo la maana sana kwa vijiji vya Mgeta au Matombo ambako jokofu ni adimu. Ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku wa rika zote, kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Anza na kuku, maana ndio wanaokufa. Kikwazo halisi kwa mwenye kuku 15 ni chupa: imefungwa kwa ajili ya kuku wengi, na ikishachanganywa haikai. Ununuzi wa peke yako unakuwa hasara, lakini nyumba kumi zikichangia, tone moja linakuwa rahisi kuliko yai.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni la chakula. Mahindi au mashudu ya karanga yakiota ukungu, mtu husema, “Wape bata, hao hawachagui.” Kumbe bata, hasa kinda, ni miongoni mwa ndege wanaodhurika haraka zaidi na sumukuvu. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Ukiona makinda yanakufa hovyo huku kuku wako salama, kagua gunia la pumba kabla ya kumtafuta mchawi.

Kwa upande wa biashara, tukumbuke Uganda. Januari 2017 nchi hiyo ilithibitisha homa ya mafua ya ndege kando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini, na pia bata na kuku wa kufugwa. Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka huko, na wafugaji ambao hawakuwa na ndege hata mmoja mgonjwa wakakosa soko. Sisi tuna bwawa la Mindu na mto Ngerengere, kunakotua ndege wa majini, na bata wa mjini hushinda huko huko. Anayefuga karibu na maji hayo ana sababu ya ziada ya kuwafungia bata wake uani, na kumwita ofisa mifugo wa kata mapema akiona vifo vya ghafla, hata kama waliokufa ni ndege wa porini.

Yule mama wa Bigwa ameanza upya na mitetea mitano aliyonunua Mkuyuni. Nilimwomba awatenge siku 14 kabla ya kuwachanganya na wale bata. Amewaweka jikoni, na chupa ya chanjo wameichangia nyumba saba. Beseni la pili alikuwa bado hajanunua. Kwa sasa anatumia sufuria iliyotoboka masikio.